Hadubini inaonyesha seli zimekufa, jaribio la MTT linasema zimestawi: niamini kipi?

Mwanafunzi wa Mbarara

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninasoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha magharibi mwa Uganda, na utafiti wangu unahusu majani ya mululuza, ambayo Wanyankole huyaita omubirizi na ambayo familia nyingi za huku huyachemsha mtu anaposhikwa na homa. Kazi niliyopewa ni kupima iwapo dondoo la majani hayo linadhuru seli za ini, kabla mtu hajaanza kuzungumzia kulitia kwenye chupa na kuliuza.

Ninatumia seli za HepG2, ambazo ni seli za ini la binadamu zinazokuzwa maabara. Nimezipanda katika kisahani cha visima 96, seli 10,000 katika kila kisima, nikaziacha zishike chini kwa saa 24, kisha nikazitilia dondoo la ethanoli lililoyeyushwa kwa DMSO (kiyeyushi cha maabara) katika viwango sita, kuanzia takriban mikrogramu 15 hadi 500 kwa mililita. Baada ya saa 48 niliongeza MTT, chumvi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau, nikasubiri saa tatu, nikaziyeyusha fuwele za zambarau na kupima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 570.

Viwango vya chini havikuonyesha mabadiliko yoyote. Viwango vya katikati viliteremka kidogo, kama nilivyotarajia. Kilichonishangaza ni viwango viwili vya juu kabisa, ambavyo usomaji wake ulipanda ukapita hata ule wa visima visivyotiwa dawa, ilhali nilipochungulia kwa hadubini kabla ya kuongeza MTT niliona seli zimejikunja, zimekuwa za duara, na nyingi zinaelea. Msimamizi wangu ameniambia niandike kwamba dondoo hilo likiwa jingi huchochea ukuaji wa seli. Moyo wangu unasita kuandika jambo ambalo macho yangu yamelikataa.

Ninaomba ushauri wa mambo mawili. Kwanza, kosa liko wapi, na ni njia gani nyingine niitumie katika maabara isiyo na vifaa vingi? Pili, nikimaliza na seli, je, nitalazimika kuwatumia panya, au majibu ya seli yatatosha?

Fundi wa Seli, Entebbe

Ndugu Mwanafunzi, uamini macho yako na usiandike sentensi ile.

Watu wengi husema kwamba MTT huhesabu seli hai, na kwa kifupi hicho ndipo wanapopotea. Njia hii, ambayo Mosmann aliichapisha mwaka 1983, husoma rangi tu. Chumvi ya njano inapopokea elektroni hugeuka fuwele za zambarau ziitwazo fomazani, na katika seli hai elektroni hizo hutolewa na vimeng'enya vya umetaboli, vile vya mitokondria na vingine vilivyo nje yake. Lakini chumvi hiyo haibagui mtoaji. Polifenoli, vitamini C na viambata vyenye salfa vinavyotoa elektroni kwa urahisi huweza kuigeuza rangi bila kuwepo seli hata moja. Mululuza una flavonoidi nyingi, ambazo ni aina ya polifenoli. Kwa hiyo, dondoo likiwa dogo, rangi unayoiona ni ya seli. Likiwa jingi, rangi unayoiona ni ya dondoo lenyewe, na mchoro wako huteremka kisha ukapanda kama ulivyoeleza. Umbo hilo la mchoro nimeliona mara nyingi kwa watu wanaopima majani, magome na hata asali.

Kulithibitisha ni kazi ya siku moja. Chukua kisahani kitupu, tia chakula cha seli bila seli, ongeza dondoo katika viwango vyako vyote sita, kiache kwenye inkubeta kwa saa 48 zile zile, kisha tia MTT na usome kama kawaida. Zambarau ikitokea humo, umempata mhalifu. Usidhani hata hivyo kwamba inatosha kutoa usomaji wa visima vitupu kwenye usomaji wa visima vyenye seli, kwa sababu seli nazo hunyonya na kubadilisha sehemu ya dondoo, hivyo kiasi kinachobaki hakiwi sawa katika pande zote mbili. Lililo bora ni kuondoa chakula chenye dondoo na kusuuza seli mara mbili kwa maji ya chumvi yenye bafa kabla ya kuongeza MTT. Fanya hivyo taratibu na kwa pipeti iliyoegemezwa ukutani mwa kisima, maana seli zilizodhoofika huondoka na maji na utajikuta umeua kwa mkono wako.

Hata ukisuuza, usitegemee njia moja. Ninayokupendekezea kwa maabara ndogo ni ile ya rangi ya nyutrali redi, iliyoelezwa na Borenfreund na Puerner mwaka 1985. Rangi hii hupenya ndani ya seli na kunaswa kwenye laisosomu, yaani vijifuko vya kumeng'enyea taka za seli, kwa sababu ya asidi iliyomo humo. Seli iliyokufa haiwezi kuitunza asidi hiyo, basi haishiki rangi. Baada ya saa mbili au tatu unasuuza, unaitoa rangi kwa mchanganyiko wa ethanoli na asidi asetiki, na kuisoma kwenye nanomita 540. Gharama yake ni ndogo na haitegemei utoaji wa elektroni, hivyo polifenoli hazitakusumbua kwa namna ile. Ina udhaifu wake: dawa zinazojilimbikiza ndani ya laisosomu, klorokwini ikiwa mfano mzuri, huivuruga. Ninalitaja hili kwa sababu anayepima mimea ya malaria mara nyingi huweka klorokwini kama dawa ya kulinganishia, kisha akashangaa.

Njia ya tatu ni kupima kimeng'enya cha LDH kinachovuja nje utando wa seli unapopasuka. Visima vichache huvunjwa makusudi kwa sabuni ya maabara ya Triton X-100 ili upate kiwango cha juu kabisa, na vingine vyote hulinganishwa na hicho. Angalia tu kwamba seramu ya ndama nayo ina LDH yake, kwa hiyo punguza seramu katika chakula cha siku hiyo. Angalia pia kama dondoo lako linakizuia kimeng'enya chenyewe, kwa kulichanganya na seli ulizokwisha kuzivunja.

Sasa mambo madogo ambayo huharibu kazi kubwa. DMSO isizidi asilimia 0.5 ndani ya kisima, na iwe kiasi kile kile katika visima vyote, pamoja na vile visivyo na dondoo. Wengi huizimua pamoja na dondoo, na mwisho hujikuta wamelinganisha viwango viwili vya DMSO. Visima vya ukingoni hukauka upesi kuliko vya katikati, basi vijaze bafa na usipande seli humo. Visima vitatu vya kisahani kimoja havihesabiwi kuwa marudio matatu: rudia jaribio zima siku tatu tofauti, ikiwezekana kwa seli za vizazi tofauti. Na umeme ukikatika usiku, usijifariji kwamba inkubeta ilibaki na joto. Andika saa ulipokatika na uliporudi, na kisahani cha siku hiyo kitupe. Mimi hutupa bila huruma.

Limebaki jambo kubwa zaidi, nalo ni aina ya seli ulizochagua. HepG2 zilitokana na uvimbe wa ini wa kijana wa Argentina mwenye umri wa miaka 15. Hukua vizuri, hazina ubishi, na ndiyo sababu kila mtu anazo, lakini zimepoteza sehemu kubwa ya vimeng'enya vya saitokromu P450 ambavyo ini zima hutumia kubadilisha kemikali. Hasara yake utaiona ukijaribu parasetamoli. Mtu akinywa nyingi kupita kiasi, ini huigeuza kuwa kiambata kikali kinachomaliza akiba ya glutathioni, kinga ya seli dhidi ya sumu, na seli huanza kufa. HepG2 huivumilia parasetamoli kwa viwango ambavyo seli halisi za ini haziviwezi, kwa sababu karibu hazina kimeng'enya cha kutengenezea sumu hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa aflatoksini B1 ya mahindi na karanga zilizoota ukungu: yenyewe haijawa sumu kamili hadi P450 iigeuze kuwa epoksaidi inayojibandika kwenye guanini ya DNA. Fikiria ingekuwaje kama tungeitegemea HepG2 peke yake kuamua juu ya mahindi yetu, yale ambayo Kenya iliyazuia mpakani mwezi Machi 2021 kwa sababu ya sumu hiyo hiyo.

Kwa hiyo dondoo likipita salama kwenye HepG2 umejibu nusu ya swali. Seli za HepaRG zina vimeng'enya zaidi, na zilizotolewa moja kwa moja kwenye ini ni bora kuliko zote, ila hazidumu na bei yake ni ya kukatisha tamaa. Njia ya mkato ni kuongeza S9, yaani sehemu ya juu ya ini la panya lililosagwa na kuzungushwa kwa nguvu ya 9000 g, pamoja na NADPH ambayo vimeng'enya hivyo huihitaji ili vifanye kazi, kwa saa chache tu kwa sababu S9 yenyewe ikikaa muda mrefu huziumiza seli. Ukipata nafasi, ongeza na seli za Vero ili uione figo. Hizo zilitolewa kwenye figo ya tumbili huko Chiba, Japani, mwaka 1962, na huwa natabasamu nikizitoa kwenye nitrojeni ya maji, kwa sababu ndugu zake wa karibu wanarukaruka kwenye miti ya Bustani ya Mimea hapa Entebbe wakiwavizia wageni wenye ndizi.

Mzee wa Dawa, Masaka

Vijana wangu, nimesoma yote kwa makini, na ninashukuru kwamba mnazungumza kwa lugha ambayo hata sisi tusiokaa maabara tunaweza kuifuata. Ninatibu kwa majani tangu nilipoachiwa kazi hii na mama yangu, na nina neno moja tu. Mjukuu wangu amesema ametumia ethanoli. Sijawahi kumwona mtu akiloweka mululuza kwenye ethanoli ili ampe mgonjwa wa homa. Tunaponda majani mabichi na kuyakamua kwenye maji ya baridi, au tunayachemsha, na mgonjwa hunywa kikombe kidogo, kwa siku chache, kwa sababu uchungu wake peke yake unamzuia mtu asizidishe. Mkipima kitu ambacho hakuna anywaye, kisha mkatangaza redioni kwamba mululuza ni sumu, mtakuwa mmetuonea.

Simaanishi kwamba hauna madhara. Mama yangu hakumpa mwanamke mjamzito, na hakueleza sababu.

Meza ya Patholojia, Gulu

Mzee, shikamoo. Umesema jambo ambalo wengi wetu hulisahau. Ethanoli hutoa kwenye majani vitu ambavyo maji hayatoi, na laktoni za uchungu zilizomo kwenye mululuza zina nguvu ya kuua seli, kwa hiyo dondoo la ethanoli laweza kuwa kali kuliko kikombe cha mgonjwa. Ndugu Mwanafunzi, andaa yote mawili, na uyaweke bega kwa bega. La maji lichuje kwa kichujio cha mikromita 0.22, na ulitumie upya au ulikaushe kwa kugandisha, kwa maana likilala kwenye joto la kawaida bakteria watakuwa wamelianza kabla yako. Na hilo neno la mama mzazi wa Mzee kuhusu wajawazito liandike kwenye daftari lako. Kisahani cha HepG2 hakina la kusema juu ya mimba, na huo ni utafiti mwingine kabisa.

Mimi nashughulika na tishu, kwa hiyo nitajibu swali la pili. Seli zilizotandazwa kwenye plastiki zote ziko sawa mbele ya dawa, lakini katika ini haziko hivyo. Damu huingia pembeni mwa kila kijisehemu cha ini na kutokea kwenye mshipa wa kati, na seli zinazouzunguka mshipa huo wa kati ndizo zenye P450 nyingi na oksijeni kidogo. Ndiyo maana parasetamoli huua seli za eneo hilo kwanza na kuziacha za pembeni, na mtu aliyezoea kusoma vipande huitambua sumu ya namna hiyo kwa mahali ilipouma. Kuna sumu nyingine, zile alkaloidi za pirolizidini zilizomo katika baadhi ya mimea ya jamii ya marejea, ambazo hugeuzwa na ini kisha zikaharibu mishipa midogo ya damu. Mojawapo, monokrotalini, watafiti huitumia makusudi kuharibu mishipa ya mapafu ya panya. Kisahani chenye aina moja ya seli hakina mishipa, basi hakiwezi kukuonyesha hilo.

Hata hivyo, usikimbilie panya. Kanuni ya Russell na Burch ya mwaka 1959 inatutaka tubadilishe, tupunguze na tuboreshe matumizi ya wanyama, na kamati yoyote ya maadili itakuuliza umefanya nini kwanza kwa seli. Ile njia ya zamani ya LD50, yaani kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama, iliyoanzishwa na Trevan mwaka 1927 na ambayo ilimaliza makumi ya wanyama ili kupata nambari moja, OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima kemikali, iliiondoa kwenye miongozo yake mwaka 2002. Mwongozo nambari 423 hutumia wanyama watatu kwa hatua, ukianzia kiwango cha miligramu 300 au 2000 kwa kilo moja ya uzito pale panapotarajiwa sumu kidogo, na matokeo ya seli hukusaidia kuchagua pa kuanzia. Kumbuka tu kwamba hilo ni jaribio la dozi moja. Kama watu hunywa kwa siku kadhaa mfululizo, litakalokujibu ni lile la siku 28, nambari 407. Kibali cha kamati ya chuo na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia uvipate kabla panya wa kwanza hajaguswa. Msiniambie mtaomba baadaye.

Ukifika huko, nakusihi kuhusu fomalini. Mwaka mmoja nililetewa maini 30 kutoka mahali ambako sitapataja. Maini 12 yalikuwa yamesongamana kwenye chupa moja, fomalini haiyafuniki, na yaliyobaki mtu aliyagandisha kwenye friji "ili yasioze". Yale ya chupa yalikuwa yameiva nje na kuoza katikati, na yale ya friji yalijaa matundu ya barafu ambayo asiyejua angeyaandika kuwa ni matone ya mafuta. Miezi mitatu ya kazi, na wanyama 30, vyote bure. Fomalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa, kiasi chake kiwe angalau mara 10 ya tishu, ikiwezekana 20. Vipande viwe vyembamba, milimita 3 hadi 5, kwa sababu fomalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa mwanzoni. Na viingie humo mara tu baada ya mnyama kufa, maana kwa joto letu la Machi vimeng'enya vya ini huanza kulila ini lenyewe dakika ile ile. Baada ya hapo nta, mikrotomu ya kukatia vipande vya mikromita 4 au 5, na rangi za hematoksilini na eosini ni kazi ya kawaida, na fundi yeyote mzuri atakufanyia. Msomaji wa vipande asiambiwe ni kundi gani lilipewa dawa. Hata mimi nikijua, jicho langu hutafuta.

Mwanafunzi wa Mbarara

Wakubwa zangu, nimerudi baada ya wiki tatu. Kisahani kisicho na seli kiligeuka zambarau, na kadiri dondoo lilivyoongezeka ndivyo rangi ilivyokolea; kwenye kiwango cha 500 mtu angeweza kuiona bila mashine. Nilimwitia msimamizi wangu akaja, akakishika kisahani, akakaa kimya, kisha akasema tufute ile sentensi. Kwa nyutrali redi mchoro hauna tena ule mpando wa mwisho: dondoo la ethanoli linaanza kuziangusha seli kwenye viwango vya katikati na haliinuki tena. Dondoo la maji, kama Mzee alivyosema, ni pole zaidi, ingawa nimelipima siku moja tu. Je, matokeo ya MTT niyatoe kabisa kwenye tasnifu?

Fundi wa Seli, Entebbe

Usiyatoe. Yaweke pamoja na picha ya kisahani kisicho na seli, na ueleze kilichotokea, ili atakayepima jani jingine mwaka kesho asirudie safari yako. Katika kichwa cha jedwali usiandike "asilimia ya seli hai". Andika "rangi ya MTT ikilinganishwa na visima visivyo na dondoo", maana ndicho ulichokipima.

Dondoo la maji lipime siku mbili zaidi, na kipimo kimoja kati ya hivyo kiwe na S9. Panya wasubiri. Na ukiwa na mililita chache za ziada za dondoo la Mzee, lililokamuliwa na yeye mwenyewe Masaka kwa maji yake na kwa kikombe chake, nitumie nilitie kwenye Vero. Ninazo zilizokwisha kushika na wiki hii umeme umetulia.

Mzee wa Dawa, Masaka

Nitakamua Jumamosi asubuhi. Mniambie niyatie kwenye chombo gani, nisije nikaitwa mimi ndiye niliyeharibu.

Fundi wa Seli, Entebbe

Chupa ya kioo iliyochemshwa, Mzee, ijae hadi mdomoni, ndani ya barafu, na utuandikie uzito wa majani na kiasi cha maji. Mwanafunzi atakuja kuichukua.